Kengele Ikilia Ukikaribia Kutua Kisumu: Dalili, Chanzo na la Kufanya

Uko futi 800 juu ya Ghuba ya Winam, ndege inashuka futi 2,500 kwa dakika, na sauti ya mtambo wa kuonya kuhusu ardhi inasema "Sink rate". Umebakiwa na sekunde 20 hivi kabla ya maji. Sekunde 20 hazitoshi kutafuta chanzo. Kwa hiyo naanza na agizo lisilo na mjadala: onyo la ardhi au la kushuka mbio likikukuta chini ya futi 1,000, usiku au mawinguni, ghairi kutua. Ongeza nguvu, inua pua, panda. Chanzo utakitafuta ukishakuwa juu, au kesho yake ukiwa ardhini.

Mwongozo huu basi ni wa kusomwa ardhini. Nimewaandikia vijana wanaoanza kukaa kiti cha kulia, cha rubani msaidizi, katika ndege za abiria zinazokuja Kisumu na Eldoret, pamoja na wale ambao bado wako kwenye simuleta. Kiti hicho nilikikalia, nikahamia cha kushoto, cha kapteni, na sasa kazi yangu kubwa ni kufundisha. Kila darasa huniuliza kengele fulani maana yake nini. Maana imo kwenye kitabu cha ndege, ukurasa unaonekana. Swali ninalotaka mjiulize ni jingine: dakika 5 kabla ya kengele kulia, ni kitu gani kilikuwa kimeshaharibika, na nani alikiona?

Kuhusu lugha, mtambo huzungumza Kiingereza, na maneno yake nitayaacha jinsi utakavyoyasikia. Kasi nitaitaja kwa noti, yaani maili za baharini kwa saa. Mtambo wenyewe ni kazi ya mhandisi Don Bateman, mzaliwa wa Kanada. Baada ya ndege ya TWA namba 514 kugonga mlima huko Virginia tarehe 1 Desemba 1974 na kuua watu wote 92, Marekani ililazimisha ndege kubwa za abiria kuwa nao. Mtambo wa enzi hizo ulitegemea altimita (kipimo cha kimo) ya redio, ambayo hupima kimo kwenda chini tu. Kilichokuwa mbele ya pua haukukiona. Toleo la miaka ya 1990 liliongezewa ramani ya milima ya dunia na GPS, ndipo onyo likaanza kuja kabla mlima haujafika chini ya tumbo la ndege. Kumbuka tofauti hiyo ya kuona chini na kuona mbele, maana tutaihitaji.

DALILI: "Sink rate", kisha "Pull up"

Unashuka upesi kuliko kimo chako kinavyoruhusu. "Pull up" ni amri ya kuinua pua.

Huku kwetu chanzo cha kawaida ni kuchelewa kuanza kushuka. Safari ya Nairobi hadi Kisumu haimalizi saa nzima, na nusu yake iko juu ya nchi ya milima. Huwezi kushuka mapema ukiwa juu ya Mau, Kericho au Nandi. Halafu ardhi inaporomoka ghafla, mteremko wa Nandi unaishia kwenye tambarare ya Kano, na ziwa liko hapo mbele. Mwongoza ndege akikushikilia juu dakika mbili kwa sababu ya ndege nyingine, tayari una deni. Hesabu ya deni hilo ni nyepesi: futi 300 kwa kila maili ya baharini. Maili 10 kutoka mwanzo wa njia ya kurukia, unapaswa kuwa futi 3,000 hivi juu ya uwanja. Ukijikuta futi 5,500, usijiambie kwamba mtaiweka sawa mbele ya safari. Omba nafasi ya kuzunguka, na uiombe hapo hapo maili 10, kabla hujafika maili 4.

Chanzo cha pili ni upepo wa mgongoni. Watu wa ziwa wanajua bila kufundishwa: usiku na alfajiri upepo hutoka nchi kavu kwenda majini, mchana hugeuka na kutoka majini kuja mjini. Njia ya Kisumu ni 06 na 24: kwenye 06 unatua ukielekea kaskazini mashariki, kwenye 24 ukielekea kusini magharibi. Anayetoka Nairobi asubuhi na mapema huvutwa na 24, kwa kuwa iko karibu kunyooka na safari yake na inamwokolea dakika kadhaa. Lakini saa hiyo upepo wa nchi kavu unaweza kuwa unamsukuma kutoka nyuma. Zidisha kasi yako juu ya ardhi kwa 5, utapata futi kwa dakika zinazotakiwa kwenye mteremko wa kawaida wa nyuzi 3. Noti 140 zinataka futi 700. Noti 150 zinataka 750. Ikiwa hesabu hiyo inakutaka ushuke zaidi ya 1,000, kuna kitu hakiko sawa, na rubani hodari hawezi kukirekebisha kwa mkono wake.

Cha tatu ni kimo cha uwanja wenyewe. Kisumu iko zaidi kidogo ya futi 3,700 juu ya usawa wa bahari, Eldoret karibu 7,000. Hewa ya Eldoret ni nyepesi. Siku ya joto la nyuzi 20, kipimo kikikuonyesha noti 135, kasi yako halisi inakaribia 155. Kwa kipimo hicho hicho Mombasa ungekuwa na 138 hivi. Kwa hiyo mteremko ule ule unataka futi 775 kwa dakika Eldoret na 690 Mombasa. Nimewaona vijana waliozoea pwani wakifika Eldoret na kuhisi ardhi inawajia mbio. Wanavuta pua juu, wanajikuta wako juu ya mstari, kisha wanasukuma pua chini kuurudia. Kengele inawakuta kwenye ile hatua ya kuurudia.

Cha nne ni kitufe. Tarehe 20 Januari 1992 ndege ya Air Inter aina ya A320 ilikuwa ikikaribia Strasbourg, Ufaransa, usiku. Inaaminika kwamba marubani walitaka kushuka kwa pembe ya nyuzi 3.3, lakini kompyuta ilikuwa kwenye hali ya kupima futi kwa dakika. Ile 33 waliyoiona kwenye dirisha dogo ikawa futi 3,300 kwa dakika. Ndege iligonga mlima, na watu 87 walikufa. Haikuwa na mtambo wa kuonya kuhusu ardhi. Tangu niliposoma kisa hicho, kila ninapogusa kitufe cha kushuka husoma kwa sauti hali iliyoandikwa kwenye skrini. Kidole hakiniambii kitu.

Sasa Karachi, ambayo huifundisha kwa saa nzima. Tarehe 22 Mei 2020 ndege ya A320 kutoka Lahore ilikuja juu mno. Mwongoza ndege aliwatahadharisha kuhusu kimo chao, wakajibu kwamba wako sawa. Walishusha magurudumu, kisha yakarudishwa juu. Kengele za kasi kupita kiasi zililia, za ardhi zikalia, wakaendelea mpaka injini zikakwaruza njia ya kurukia. Wakapaa tena na injini zilizoumia, zikazima, ndege ikaangukia nyumba za watu. Waliokuwemo walikuwa 99, na waliopona ni wawili. Jaribu kuhesabu ni mara ngapi wangeweza kughairi kabla injini hazijagusa lami. Mimi napata nyingi, na kila moja ilikuwa rahisi kabisa, gharama yake ni mafuta na dakika 10.

Ndiyo maana tuna kigezo cha futi 1,000 juu ya uwanja. Ukifika hapo, magurudumu yawe chini, flapu (vibao vya nyuma ya mabawa) ziwe mahali pake, kasi iwe ile mliyokubaliana, kushuka kusizidi futi 1,000 kwa dakika, na orodha ya ukaguzi iwe imesomwa yote. Hata kimoja kikikosekana, ghairi.

DALILI: "Too low, gear" au "Too low, flaps"

Hii ni rahisi: uko chini mno, na magurudumu (gear) au flapu bado haziko tayari. Umesahau, au kitu hakikushuka. Usianze kushusha magurudumu kwa pupa ukiwa futi 400. Panda, kisha shughulika.

Lakini kuna upande wa pili wake. Tarehe 29 Desemba 1972 ndege ya Eastern namba 401 ilikuwa ikikaribia Miami na taa moja ya gurudumu la pua haikuwaka. Gurudumu lilikuwa chini salama. Ni balbu iliyoungua. Wakapanda futi 2,000, wakaweka otopailoti, na wote wakaishughulikia balbu. Otopailoti iliacha kushikilia kimo bila mtu kutambua. Kengele ndogo ya kimo ililia, hakuna aliyeisikiliza. Watu 101 walikufa kwenye kinamasi. Ukiwa na hitilafu, mmoja aishughulikie na mwingine arushe ndege, na huyo wa kurusha asiangalie balbu hata kwa sekunde moja.

DALILI: "Terrain, terrain" na wewe huoni mlima

Chanzo cha kwanza: mlima upo. Naandika hivyo kwa sababu akili ya rubani hukimbilia chanzo kingine, kwamba mtambo umekosea. Tarehe 9 Mei 2012 huko Indonesia, ndege mpya ya Sukhoi Superjet ilikuwa kwenye safari ya maonyesho. Mtambo ulionya mara kadhaa, rubani akaamini ramani yake ina kasoro, akauzima. Ndege iligonga Mlima Salak na watu wote 45 wakafa.

Hapa kwetu milima haiko mbali. Kaskazini mashariki mwa Kisumu mteremko wa Nandi hupanda zaidi ya futi 6,000, na mvua ya alasiri huufunika wote. Tarehe 5 Juni 2018 Caravan iliyoondoka Kitale kwenda Nairobi iligonga safu ya Aberdare ikiwa na watu 10, hakuna aliyepona. Tarehe 10 Aprili 2006 ndege ya jeshi letu, Y-12, iligonga kilima ikijaribu kutua Marsabit kukiwa na mawingu. Waliokufa ni 14, akiwemo mbunge wa Nakuru Mjini, Mirugi Kariuki. Watu wa Nakuru wa rika langu wanaikumbuka siku hiyo.

Miaka minne baadaye, tarehe ile ile ya 10 Aprili, ndege ya Tu-154 iliyombeba rais wa Poland ilianguka ikijaribu kutua kwenye ukungu Smolensk. Watu 96 walikufa. Mambo mawili ya Smolensk yanatuhusu sana. Mwelekezi wa njia ndani ya ndege alikuwa akisoma kimo kutoka altimita ya redio wakati chini yao kulikuwa na bonde. Bonde linakwambia uko juu, kisha ardhi inapanda kukufuata. Pili, altimita ya kawaida hukadiria kimo kwa namba ya shinikizo la hewa ambayo rubani huiweka; ile ya upande wa kapteni ilibadilishwa shinikizo, na kwa mtambo ikawa kana kwamba ndege iko juu zaidi, onyo likanyamaza kwa muda. Kunyamazisha onyo kulikuwa rahisi kuliko kulitii.

La kufanya: ukisikia "Pull up" na huoni ardhi yote kwa macho yako mchana kweupe, zima otopailoti, nguvu zote, inua pua, na urudishe vile vibao vya juu ya mabawa vinavyopunguza kasi. Cali, Kolombia, tarehe 20 Desemba 1995, marubani wa Boeing 757 walivuta usukani walipoonywa lakini vibao vilibaki vimefunguka. Watu 159 walikufa karibu na kilele. Weka mkono kwenye wenzo huo kila unapofanya zoezi kwenye simuleta, hata kama hukuwa umevifungua.

DALILI: kasi inaporomoka na chumba kimetulia

Hii ndiyo inayonitia hofu kuliko zote, kwa sababu kabla ya kengele kuna utulivu mtamu. Mtambo unaorekebisha nguvu za injini unafanya kazi, hakuna anayesukuma kitu, mikono imepumzika.

Amsterdam, tarehe 25 Februari 2009. Boeing 737-800 ya Turkish Airlines. Altimita ya redio ya kushoto ilisoma futi 8 chini ya sifuri ilhali ndege ikiwa bado angani. Kompyuta ya nguvu ikaamini imefika kwenye lami, ikapunguza nguvu mpaka chini kabisa. Kwa kuwa walikuwa juu ya mstari wa mteremko na walihitaji kupunguza kasi, kupungua kwa nguvu hakukuwashtua. Usukani ulianza kutetemeka, ile ishara kwamba mabawa yanakaribia kupoteza nguvu ya kuinua, wakiwa futi 460. Watu 9 walikufa. San Francisco, tarehe 6 Julai 2013, Boeing 777 ya Asiana: rubani alirudisha wenzo wa nguvu nyuma, mtambo ukaingia hali ya kutogusa nguvu, naye akadhani unamlindia kasi. Walilenga noti 137, wakafika 103. Watu 3 walikufa.

Dalili za mapema zipo mbili. Ya kwanza ni injini kuwa kwenye nguvu ya chini kabisa chini ya futi 1,000. Uliza kwa sauti, kwa nini? Ya pili ni pua kuzidi kuinuka kidogo kidogo bila aliyeiinua. Weka mkono kwenye wenzo wa nguvu kuanzia futi 1,000 mpaka lami, hata kama mtambo umewashwa. Wenzo ukirudi nyuma, mkono utahisi kabla ya jicho.

DALILI: hakuna kengele, lakini maji yako karibu kuliko namba inavyosema

Mtambo hauna kinga dhidi ya namba mbovu ya shinikizo. Tarehe 23 Mei 2022, Paris, mwongoza ndege aliwapa marubani wa A320 shinikizo la 1011 badala ya 1001. Tofauti ya 10 ni futi 280 hivi. Altimita ilionyesha kimo kizuri, mstari wa kompyuta ukawa mzuri, na ndege ikafika futi 6 tu juu ya ardhi kabla ya kufika kwenye njia ya kurukia, ndipo ikapaa. Onyo la ardhi ndani ya ndege halikulia.

Huku kwenye ikweta shinikizo halibadiliki sana kutwa nzima, na hapo ndipo mtego ulipo. Tumezoea namba zinazofanana, tunaacha kuzisikiliza. 1016 na 1026 masikioni ni ndugu.

Lakini Kisumu tuna kipimo ambacho viwanja vingi havina, nacho ni ziwa. Ziwa halina mabonde. Uso wake uko takriban futi 3,720 juu ya bahari, na ukija kutua 06 unapita juu yake. Altimita ya redio huanza kusoma ikiwa futi 2,500. Ukiwa juu ya maji na altimita ya shinikizo inasema 5,000, ya redio inapaswa kusema 1,280 hivi. Ikisema 1,000, namba uliyoweka ina kosa la 10. Linganisha mara moja, mtajie mwenzako, endelea. Pia pima kimo kwa umbali: maili 4 kabla ya njia, altimita yako iwe karibu na 5,000. Nimewafundisha wengi kipimo hiki cha ziwa, na natamani kila anayekuja Kisumu usiku akifanye.

Usiku ndio hasa. Ukitoka upande wa ziwa, chini ni giza tupu na mbele ni taa za mji. Jicho lisilo na kitu cha kulinganisha hukudanganya kwamba uko juu, nawe unashuka zaidi. Isitoshe usiku usio na mbalamwezi wavuvi wa omena huwa wamewasha taa zao majini, mamia ya nuru zikielea. Kwa aliyezaliwa hapa ni mandhari ya nyumbani. Kwa rubani anayetoka mawinguni amechoka, taa zile zinaweza kuonekana kama mji, au kama nyota, na upeo wa macho ukapinda. Angalia vipimo. Taa za wavuvi si kipimo.

DALILI: "Windshear"

Ni upepo kubadilika ghafla. Fupi: nguvu zote, pua juu, usiguse magurudumu wala flapu mpaka utoke. Chanzo ni ngurumo za alasiri zinazoshuka kutoka Kericho na Nandi, nchi ya mvua ya mawe, zikikutana na upepo wa ziwa. Dallas, tarehe 2 Agosti 1985, ndege ya Delta ilipita ndani ya mvua ya radi karibu na uwanja, ikasukumwa chini, watu 137 wakafa. Mtambo utakuonya ukiwa tayari umeingia au umekaribia sana. Dalili ya mapema ni dirishani: pazia jeusi la mvua kati yako na njia. Subiri. Dakika 20 mvua ya Kisumu huwa imeshapita.

Sote wa kandokando ya ziwa hili tunaikumbuka Bukoba, tarehe 6 Novemba 2022. Ndege ya Precision Air yenye watu 43 ilikuwa ikikaribia kutua katika hali mbaya ya hewa, ikaingia ziwani karibu na uwanja. Watu 19 walikufa. Wavuvi ndio waliofika kwanza na mitumbwi yao.

DALILI: rubani msaidizi amenyamaza

Hii haina sauti wala taa, na haimo kwenye kitabu cha ndege. Kwa maoni yangu ndiyo dalili kubwa kuliko zote nilizotaja.

Nilikuwa kijana kiti cha kulia, jioni, mvua ikinyesha Kano, tukija 06 kutoka ziwani. Kapteni alikuwa mtu mzima, amerusha ndege tangu nikiwa shule ya msingi. Tukiwa futi 1,500 niliona tunashuka 1,300 kwa dakika. Nikasema, "Mzee, naona kama tunashuka kidogo." Akajibu, "Niko nayo, kijana." Nikanyamaza. Nilimwona hajarekebisha, nikajiambia mzee anajua. Futi 600 mtambo ukasema "Sink rate" mara mbili, naye akaghairi mara moja, bila ubishi, akarusha vizuri kabisa. Tulipotua mara ya pili na abiria wakashuka, aliniuliza, "Uliona lini?"

"Futi 1,500, mzee."

Akakaa kimya, kisha akasema, "Ungeniambia kama unavyomwambia mdogo wako."

Angalia sentensi yangu. "Naona kama." "Kidogo." Tunashuka 1,300 nami nasema kidogo! Lugha yetu ina adabu nyingi za kumzungumzia mkubwa, na ni adabu nzuri. Nyumbani huwezi kumwambia baba mtu kwamba amekosea. Unazunguka, unauliza, unamwachia nafasi ya kujirekebisha. Futi 1,500 hakuna nafasi ya kuzunguka. Guam, tarehe 6 Agosti 1997, Boeing 747 ya Korean Air iligonga kilima kabla ya uwanja na watu 228 wakafa. Rubani msaidizi alitamka kwamba waghairi zikiwa zimebaki sekunde chache. Ripoti ya wachunguzi wa Marekani ilitaja, kando ya makosa ya kapteni, kwamba wenzake hawakumkagua ipasavyo.

Kwa hiyo nafundisha ngazi tatu, na nataka zisemwe kwa sauti kwenye simuleta mpaka mdomo uzoee. Ya kwanza ni namba peke yake, kwa kuwa namba haina umri wala cheo: "Kushuka 1,300." Hukumvunjia mtu heshima, umesoma kipimo. Asiporekebisha ndani ya sekunde chache, ya pili ni cheo na amri: "Kapteni, hatuko imara. Ghairi." Usiseme mzee hapa, neno mzee linakurudisha nyumbani kwake. Ya tatu ni "Nachukua usukani," na unauchukua. Kwa makapteni wanaosoma, kazi yenu inaanza kabla ya kupaa. Mwambie kijana kwa maneno yako: leo ukiona kitu sema, na ukisema ghairi nitaghairi kwanza, tutajadili baadaye. Kisha siku atakaposema na ikawa hakukuwa na tatizo, usimcheke. Akichekwa mara moja hatasema tena, si kwako tu bali kwa makapteni wote atakaorusha nao.

KAMA KENGELE YENYEWE NDIYO MBOVU

Hutokea. Tarehe 30 Januari 2000 ndege yetu ya Kenya Airways aina ya A310 ilipopaa kutoka Abidjan usiku, onyo la kwamba mabawa yanapoteza nguvu lililia ilhali ndege ilikuwa ikiruka vizuri. Rubani alisukuma pua chini, jinsi alivyofunzwa, na chini kulikuwa na bahari. Sauti ya onyo la ardhi haikusikika kwa kuwa onyo lile la kwanza lilipewa kipaumbele. Kati ya watu 179 walipona 10. Kwa hiyo siwaambii kwamba kengele haiwezi kukosea. Nawaambia kwamba karibu na ardhi jibu sahihi kwa kengele ya kweli na ya uongo halikupeleki chini: nguvu, mabawa sawa, pua kwenye pembe unayoijua, linganisha vipimo vya pande zote mbili, kimo kisipotee.

Ukishatua, kengele ya uongo ina vyanzo vyake: antena ya altimita ya redio iliyoingia maji au uchafu, waya uliolegea, ramani ya mtambo isiyosasishwa, GPS iliyopotea, au swichi ya kuzima onyo iliyoachwa na rubani wa safari iliyopita. Fundi hawezi kukipata chanzo kama hukuandika. Ile ndege ya Amsterdam ilikuwa imeonyesha hitilafu hiyo hiyo mara mbili katika safari zake 8 zilizotangulia. Usiandike "altimita ya redio ina shida". Andika saa, njia uliyokuwa ukiikaribia, kimo kwenye altimita zote tatu, kasi, magurudumu na flapu vilikuwa wapi, kama mvua ilikuwa ikinyesha, sauti ilisema neno gani na mara ngapi. Andika kabla hujashuka kwenye ndege, na kama fundi yuko hapo uwanjani, mngoje asome ulichoandika ukiwa umesimama karibu naye.